Kutoka Didia hadi Kitangiri: Ndege wa majini na maji yetu

KWA wakazi wengi wa mijini, safari ya kwenda kutazama ndege ni jambo la wazungu waliovaa kofia pana na kuning'iniza darubini shingoni. Sisi wengine, tukisikia habari ya bata, akili hukimbilia moja kwa moja jikoni.

Hata hivyo, yeyote aliyewahi kusimama kando ya lambo alfajiri katika nchi ya Wasukuma, mvua zikiwa zimekwishakolea, anajua kwamba kuna jambo la kuona pale. Bata wa mwituni hutua kwa makundi, yangeyange weupe hujipanga kwenye matuta ya majaruba, na kwa mbali husikika mluzi wa ndege ambao hawaonekani kwa ukungu.

Makala haya yanaeleza namna mkazi wa Didia, katika Wilaya ya Shinyanga, au msafiri anayepita njia hiyo, anavyoweza kwenda kuwaona ndege wa majini. Ni ndege gani atakaowakuta, ni majira gani yanayofaa, na kwa nini uhai wa ndege hao unahusu afya yake yeye na watoto wake.

Swali la kwanza ambalo msomaji atauliza ni hili: ndege wa majini Shinyanga wanatafuta nini? Mkoa huu unajulikana kwa ukame, ng'ombe, pamba, almasi na dhahabu. Hauna ziwa kubwa ndani ya mipaka yake, na mvua zake ni za msimu mmoja tu, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei.

Jibu lipo katika sura ya nchi yenyewe. Ardhi ya Usukuma imelala, ina vilima vya mawe hapa na pale, na katikati yake yapo mabonde mapana ya udongo mweusi wa mfinyanzi. Mvua inaponyesha, udongo huo haupitishi maji kwa urahisi. Maji hutuama, na ndani ya wiki chache mabonde yaliyokuwa makavu hugeuka kuwa vidimbwi, majani mabichi na mashamba ya mpunga.

Juu ya hayo, binadamu ameongeza yake. Kati ya mwaka 1947 na 1956, serikali ya kikoloni iliendesha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma ambao, pamoja na mambo mengine, ulichimba malambo mengi kwa ajili ya watu na mifugo. Baadaye yakaongezeka mabwawa mengine. Mji wa Shinyanga ulitegemea Bwawa la Ningwa kwa miaka mingi kabla ya maji ya Ziwa Victoria kufikishwa mjini hapo kwa bomba mwaka 2009. Nao mgodi wa almasi wa Mwadui, ulioanzishwa mwaka 1940, ulihitaji mabwawa ya kwake.

Ndege hawajali nani alichimba bwawa wala kwa sababu gani. Wao hutazama kina cha maji, chakula na usalama. Lambo lenye ukingo wa matope na majani, lisilo na fujo nyingi, kwao ni ziwa kamili.

Kwa hiyo anayeanza hahitaji kwenda mbali. Lambo la kijiji na majaruba ya jirani ni darasa la kutosha. Hapo atamkuta yangeyange akifuata jembe la ng'ombe, kitwitwi akikimbia ukingoni mwa maji, na kibisi mdogo anayezama ghafla na kuibukia mahali pengine kabisa. Atamwona pia korongo mweusi ambaye mdomo wake una uwazi katikati hata unapofumbwa. Mdomo huo si kasoro ya maumbile. Ni koleo la kushikia konokono, ambao ndio chakula chake kikuu.

Katika jamii ya bata wapo wanne ambao ni rahisi kuwatambua. Wa kwanza ni bata mwenye uso mweupe, ambaye halii kama bata wa nyumbani bali hupiga mluzi. Hula zaidi usiku, ndiyo maana mchana huonekana amesimama kwa makundi, kimya, kana kwamba hana kazi.

Wa pili ni bata bukini wa Misri, mwenye duara la kahawia kuzunguka jicho, ambaye hutembea na mwenzi wake na hapendi jirani. Wa tatu ni bata ambaye dume lake lina nundu kubwa juu ya mdomo. Huyu hutaga ndani ya mashimo ya miti, hivyo miti mikubwa ikikatwa kando ya bwawa, naye hukosa pa kuzalia.

Wa nne ni bata bukini mkubwa mweusi na mweupe, mwenye mwiba katika kiungo cha bawa. Huyo ndiye mkubwa kuliko wote katika jamii ya bata wa Afrika.

Pamoja na wenyeji hao, wapo wageni. Kuanzia Oktoba hadi Aprili, wakati Ulaya na kaskazini ya Asia maji yamegeuka barafu, bata wadogo na vitwitwi wa aina nyingi huvuka Sahara au kufuata Bonde la Nile na kuingia Afrika Mashariki. Baadhi yao wana uzito usiofika hata nusu kilo. Bata anayeonekana Januari kwenye jaruba la Shinyanga huenda alitotolewa kwenye kinamasi cha Urusi.

Ni kwa sababu hiyo sensa ya ndege wa majini duniani hufanyika kila mwaka mwezi Januari. Watu wa kujitolea katika nchi nyingi hutoka kwa wakati mmoja na kuhesabu, ili ndege mmoja asihesabiwe mara mbili katika nchi mbili. Ndege wasio na pasipoti hawawezi kulindwa na nchi moja peke yake. Ndiyo maana upo mkataba wa kimataifa wa kuhifadhi ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia, ulioanza kutumika mwaka 1999, ambao Tanzania ni mwanachama wake.

Baada ya kujizoeza nyumbani, sasa inafaa kufikiria safari yenyewe, na hapa ndipo linapokuja Ziwa Kitangiri.

Ukitoka Didia na kushika barabara ya Tinde, kisha Nzega na Igunga, lami hukata mbuga ya Wembere kabla ya kufika Shelui na kuanza kupanda mlima Sekenke. Kaskazini mwa barabara hiyo ndiko liliko Ziwa Kitangiri. Upande mmoja lipo Iramba, mkoani Singida. Upande mwingine ni Meatu, wilaya iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga hadi ulipoundwa Mkoa wa Simiyu mwaka 2012.

Sekenke yenyewe ina historia yake. Wajerumani walichimba dhahabu hapo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1916, walipozingirwa na kukosa fedha kutoka kwao, walitumia dhahabu ya Sekenke kupiga sarafu mjini Tabora zenye picha ya tembo. Wachimbaji wadogo wangali wanatafuta dhahabu katika maeneo hayo. Kwa hiyo ziwa hili na dhahabu ni majirani wa siku nyingi, na ujirani huo tutaurudia.

Kitangiri ni ziwa la maji yasiyo na kina kirefu. Hupanuka sana katika miaka ya mvua nyingi na kusinyaa vibaya katika miaka ya ukame. Wavuvi wa vijiji vinavyolizunguka, kama vile Tulya upande wa Iramba, wanaifahamu tabia hiyo kuliko mtaalamu yeyote, kwa kuwa ziwa likisinyaa, samaki nao hupungua.

Kwa ndege, kina kifupi ni neema. Mwari hawezi kuzama kama mnandi. Huvua kwa kuchota, akishirikiana na wenzake kuwasukuma samaki mahali penye maji machache. Domomwiko hutembea akipangusa mdomo wake bapa kulia na kushoto. Kwarara hudunga matope kwa mdomo uliopinda. Kila mmoja ana kina chake, na ziwa lenye mteremko mdogo huwapa wote nafasi.

Katika mbuga ya Wembere, miaka ya mvua nzuri, migunga hubaki imesimama ndani ya maji. Miti ya namna hiyo ni mahali pa usalama pa kujenga viota, kwa kuwa maji humzuia mbweha na kicheche. Ndiyo sababu Wembere na Kitangiri, pamoja na Ziwa Eyasi, vimo katika orodha ya kimataifa ya maeneo muhimu kwa ndege.

Hata hivyo, kuwa katika orodha hiyo si sawa na kulindwa na sheria. Tanzania ina maeneo manne yaliyoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, yaani mkataba wa kimataifa wa ardhioevu uliotiwa saini mwaka 1971 katika mji wa Ramsar, Iran. Maeneo hayo ni Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero, na Rufiji-Mafia-Kilwa. Kitangiri haimo.

Sasa tuangalie maji ya Kitangiri yanatoka wapi, kwa sababu hapa ndipo kiini cha jambo lilipo. Mvua inayonyesha katika sehemu kubwa ya kusini ya Mkoa wa Shinyanga hukusanywa na Mto Manonga. Manonga huungana na Wembere, Wembere huingia Kitangiri, na Kitangiri ikijaa hutoa maji kwa Mto Sibiti hadi Ziwa Eyasi. Hapo safari huishia. Maji hayo hayafiki baharini kamwe. Hutoka kwa njia moja tu, nayo ni mvuke.

Mvuke, hata hivyo, hauchukui kila kitu. Chumvi hubaki. Udongo ulioporomoshwa hubaki. Na sumu, kama imo, nayo hubaki. Bonde lisilo na mlango wa kutokea ni kama sufuria isiyooshwa: kinachotiwa leo kitakutwa kesho.

Katika ukanda wa dhahabu unaoanzia Geita kupitia Kahama na kushuka hadi Sekenke, sumu inayotajwa zaidi ni zebaki. Mchimbaji mdogo huichanganya na mchanga uliosagwa ili ikamate dhahabu, kisha huichoma. Sehemu hupaa na moshi ambao yeye mwenyewe huuvuta, na sehemu hubaki katika tope.

Tope hilo likifika kwenye kinamasi, vijidudu vya matopeni huibadilisha zebaki kuwa ya aina inayoingia mwilini kwa urahisi. Mdudu huila kidogo, samaki mdogo hula wadudu wengi, kambare hula samaki wadogo wengi, na anayemla kambare hupokea mzigo wa wote. Anayemla kambare ni mwari, mnandi na tai mla samaki. Anayemla kambare pia ni mimi na wewe. Kwa mama mjamzito, madhara humwendea mtoto aliye tumboni, kwenye ubongo.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020. Kuridhia ni hatua. Lakini mchimbaji asiyepewa njia nyingine ya kukamata dhahabu ataendelea kutumia ile anayoijua.

Wachimbaji wakubwa nao wana hatari ya aina yao, yaani mabwawa ya kuhifadhia tope la mgodini. Novemba 7, 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa Mwadui ulibomoka, na tope likaingia katika makazi na mashamba ya vijiji vya jirani wilayani Kishapu. Hakuna aliyekufa, lakini somo lilikuwa wazi: ukuta wa bwawa la mgodi ni jambo la wote wanaoishi chini yake.

Hatari ya tatu haihusiani na madini. Ni ya shambani. Magharibi ya Kenya, katika mashamba ya mpunga ya Bunyala karibu na Ziwa Victoria, watafiti walionyesha jinsi wawindaji walivyokuwa wakipaka dawa ya kuua wadudu ya aina ya kabofurani kwenye konokono na kuwatega korongo wale wenye mdomo wenye uwazi. Ndege waliokufa waliuzwa kuwa kitoweo. Mwaka 2009 mtengenezaji wa Kimarekani aliiondoa dawa yake ya aina hiyo katika soko la Kenya, baada ya kelele nyingi kuhusu simba na ndege waliouawa kwa sumu.

Kanda yetu nayo inalima mpunga, na dawa za wadudu zinauzwa katika kila gulio. Msomaji akiletewa mlangoni bata wa porini wa bei ya chini, asiye na jeraha la mtego wala la risasi, inampasa ajiulize ndege huyo alikufaje. Aidha, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila kibali, na ndege wa mwituni ni wanyamapori kama tembo alivyo.

Pamoja na hayo, Shinyanga ina mfano wa kujivunia. Mwaka 1986 ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, uliofufua desturi ya Wasukuma ya kutenga ngitili, yaani malisho yanayofungwa kwa msimu ili majani na miti vipate kuota tena. Mkoa ulioitwa jangwa ukarudisha miti, na mwaka 2002 ukapata tuzo ya kimataifa. Walioamua lipi lifungwe na lini lifunguliwe ni wanakijiji wenyewe. Desturi hiyo inaweza kutumika pia kwenye kingo za malambo: sehemu moja mifugo inywe, sehemu nyingine majani yaachwe.

Uganda nayo imeonyesha kwamba ndege anaweza kulisha familia akiwa hai. Katika kinamasi cha Mabamba, kando ya Ziwa Victoria, wavuvi walimwona korongo nyangumi kuwa ni nuksi. Ukimwona asubuhi, hupati samaki. Leo wanakijiji huwapeleka wageni kwa mitumbwi kwenda kumwona ndege huyohuyo, na hulipwa kwa kazi hiyo.

Kwa atakayeamua kwenda, yapo mambo machache ya kuzingatia. Fika mapema, kabla jua halijawa kali, kwa sababu asubuhi ndege hula na mwanga ni mzuri. Simama jua likiwa mgongoni mwako. Usivae nguo zinazong'aa, na ukifika kaa kimya kwa dakika kumi hivi kabla ya kuanza kuzunguka. Ndege walioruka watarudi.

Darubini ya kawaida inayokuza mara nane inatosha. Kitabu cha Terry Stevenson na John Fanshawe kuhusu ndege wa Afrika Mashariki, kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 2002, kina picha za karibu kila ndege utakayemwona. Andika tarehe, mahali na idadi. Tanzania ina zaidi ya aina 1,100 za ndege, na kumbukumbu za mtu wa kawaida kutoka mahali pasipotembelewa na wataalamu zina thamani kubwa.

Ukifika kijijini, anzia ofisi ya kijiji ueleze shabaha yako. Mgeni mwenye darubini katika nchi ya madini hudhaniwa haraka kuwa anatafuta kitu kingine. Tafuta mwenyeji akuongoze, na mlipe. Waulize wavuvi kama kuna viboko. Usikanyage maji ya lambo kwa miguu mitupu, kwa kuwa kichocho kipo. Usikaribie viota, maana mzazi akiruka, mayai hubaki juani na kunguru hayakawii.

Na kama utakuta ndege wengi wamekufa mahali pamoja, usiwashike wala usiwachukue. Januari 2017 Uganda ilithibitisha kuwapo kwa mafua ya ndege baada ya ndege wa porini kukutwa wamekufa kando ya Ziwa Victoria. Mtaarifu ofisa mifugo wa eneo hilo mara moja. Iwe ni ugonjwa au ni sumu, taarifa ya mapema itaokoa kuku wa kijiji, na pengine watu.

Waswahili husema maji hufuata mkondo. Mvua iliyonyesha juu ya paa la Didia itapita mtaroni, mtoni na mbugani hadi Kitangiri, ambako mwari ataichota kwa mdomo wake pamoja na samaki. Mvuvi wa Tulya atamvua samaki mwingine, na samaki huyo atarudi sokoni kwetu. Anayekwenda ziwani kuwatazama ndege anaona kwa macho yake hali ya maji ambayo sisi wote tunayategemea. Siku wakitoweka, tusiulize kwanza wamekwenda wapi. Tuulize tumetia nini katika maji.